Shajara ya mradi: Mto Nyamwamba wa P4, kutoka mlimani mpaka Ziwa George

Jumatano 28 Mei 2025: kwanini mto, na kwanini P4

Naandika hii ili mwalimu mwingine akitaka kufanya kitu kama hiki asianze sifuri, hasa nyie wa huku Kasese, Hima, Bwera na Kilembe ambao mto au mlima mnao hapo mlangoni. Kwa kifupi darasa langu la P4 (mwaka wa nne wa praimari hapa Uganda) litajenga modeli ya Mto Nyamwamba, kuanzia juu Rwenzori, upite Kilembe, uingie Kasese mjini, ukate mbuga ya Queen Elizabeth mpaka Ziwa George, na maji ya kweli yapite ndani yake. Mwisho wa muhula watoto wasimame mbele ya wazazi waieleze wenyewe.

Hawa P4 wa mwaka huu ndo wale walioingia P1 Januari 2022, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa ajili ya korona. Walikuta madarasa yamefurika na mpaka leo yamefurika, wako 87 kwenye chumba kimoja. Alafu P4 ndo mwaka wa kuhama, manake P1 mpaka P3 mtoto anafundishwa kwa lugha ya nyumbani, huku kwetu Lhukonzo, akifika P4 Kiingereza kinaingia kila somo. Mtoto aliyekuwa anaongea vizuri tu P3 anafika P4 ananyamaza. Anajua, ila maneno hana. Ukiuliza swali mikono inanyooka ile ile sita kila siku na hao wengine 81 wanakuangalia, na mi nimechoka kufundisha watoto sita.

Sanaa na ufundi iko kwenye ratiba, ila kila mtu anajua inavyokuwa: PLE, mtihani wa kumaliza praimari, inapima masomo manne, Kiingereza, hesabu, sayansi na SST (maarifa ya jamii), basi kipindi cha sanaa ndo cha kwanza kuliwa hesabu ikibaki nyuma. Kwaiyo sikuomba vipindi vipya. Nimeunganisha vya sanaa na vya SST (mada ya P4 ni wilaya yetu, na huu mto uko wilayani) na vile vya hesabu ya vipimo. Mwalimu mkuu alisita, nikamwambia sekondari toka mtaala mpya wa 2020 wanafanya miradi na asilimia 20 ya alama inatoka kwenye kazi za shuleni, mtoto ambaye hajawahi kushika mradi praimari atauanzia wapi akifika S1? Akakubali kwa sharti moja, gharama isipite shilingi laki moja za Uganda.

Kitu ninachotaka kukiona kwenye huu mradi ni hiki. Shuleni kwetu mchoro unakuja baada ya somo, umemaliza kufundisha mto alafu unasema haya chora mto, mtoto anapaka rangi ya bluu, kwisha. Hapo hakuna alichojifunza kwa kuchora. Nataka kazi ambayo usipolielewa somo haisimami.

Jumatano 11 Juni: ubao, skeli, makundi

Seremala jirani ametuuzia mabaki ya plaiwudi na mbao za pembeni kwa 28,000, misumari nusu kilo 3,500. Tumetengeneza vibao vitatu, kila kimoja sentimita 80 kwa 60: cha mlima, cha Kilembe na mji, na cha mbuga na ziwa. Vitatu kwasababu kimoja kikubwa hakipiti mlangoni, na usiku lazima viingie ndani.

Skeli ya kwenda juu: sentimita 1 ni mita 100. Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, ina mita 5,109 basi ni sentimita 51. Ziwa George liko mita 914 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni sentimita 9. Mto wetu hauanzii Margherita, unatoka kusini zaidi kwenye bonde linalopanda juu ya Kilembe, lakini watoto walikataa kabisa mlima usio na Margherita, nikaacha isimame nyuma.

Shida ya kwanza ilikuwa majina. Tuliandika jina kwenye kila kazi, kumbe huku kwetu jina linafuata mtoto amezaliwa wa ngapi, kwaiyo kazi tano zina Baluku na nyingine kibao zina Masika, ikawa ugomvi wa nani ni nani. Sasa kila kundi lina alama yake, jembe, samaki, mwezi, na kadhalika, inachorwa nyuma ya kazi. Imetuliza.

Shida ya pili ni kubwa na mwenye darasa kubwa aisome vizuri. Makundi ya watu 14 hayafanyi kazi. Wanne wanajenga, kumi wanatazama na kusukumana. Na nilipoangalia nani anafanya nini, wasichana walikuwa wanachota maji na kupika gundi, wavulana wameshika mlima. Hawakuambiwa, walijipanga hivyo wenyewe. Tumebadilisha: nusu ya darasa iko nje chini ya mwembe inajenga, nusu iko ndani inapima, inakokotoa, inaandika lebo, na baada ya kipindi kimoja wanabadilishana. Kuchota maji ni zamu na orodha imebandikwa ukutani. Siku ya kwanza wavulana walinung'unika kwenda na jerikani, ya pili wakaenda.

Ijumaa 20 Juni: gundi, gundi, gundi

Mlima ni karatasi kuukuu (mitihani ya zamani, magazeti, maboksi) zilizolowekwa kwenye gundi ya unga wa muhogo. Maji yachemke kwanza, unga unaukoroga pembeni na maji baridi ndo unaumimina, ukitia unga mkavu kwenye maji moto unapata mabonge. Hilo wanalijua hata watoto, wanapika uji nyumbani.

Kilichotusumbua ni kukauka. Watoto walibandika tabaka nene ili mlima upande haraka, juu ukakauka kwa jua la Kasese, ndani ukabaki mbichi, baada ya wikendi tukakuta ukungu wa kijani na harufu ambayo P5 walilalamika kupitia dirishani. Tukajaribu kutia chumvi ya Katwe (ziwa la chumvi la huku kwetu) kwenye gundi (1,000). Ukungu ulipungua kweli, ila chumvi inavuta unyevu, kila asubuhi mlima umelowa tena kama haujawahi kuanikwa. Tukaacha chumvi.

Kilichofanya kazi: gundi ya siku hiyo hiyo isilale, tabaka jembamba moja tu kwa siku, kianikwe mpaka ukigonga kwa kucha kinalia, ndo tabaka lingine. Na ndani msijaze karatasi, tengeneza mifupa ya maboksi na nyuzi za migomba iliyo wazi ndani, hewa ipite. Kilo 6 za unga kwa 2,500 kilo, 15,000 zote, na mbili katika hizo zilienda na ukungu.

Panya walikula upande wa Kilembe, unga wa muhogo ni chakula bwana. Sasa vibao vinalala juu ya kabati la stafurumu. Walimu wenzangu wamevumilia na nawashukuru.

Jambo lingine nimeliona kwenye rejista. Jumatano na Ijumaa, siku za mradi, darasa linajaa, Alhamisi linapungua. Wanakuja siku ya kujenga. Basi nimeacha kutangaza siku, mradi unaweza kuwa siku yoyote, na mahudhurio ya katikati ya wiki yamekaa vizuri zaidi. Kwa wale wanaouliza kama kazi za mikono zinavuta watoto shuleni, rejista yangu inasema ndio, ila panga siku zako vizuri.

Ijumaa 4 Julai: ziwa liko juu ya mji

Leo ndo siku ninayoitaka ikumbukwe kwenye huu mradi wote.

Tulileta vibao vitatu pamoja kwa mara ya kwanza. Kila kundi lilikuwa limejenga la kwake kwa vipimo vyake na kila kundi lina hesabu zake ukutani, zote nimeshazipitia na zote zilikuwa sawa. Tukavisogeza. Kimya. Alafu msichana mmoja wa kundi la kati, ambaye toka Februari sijawahi kusikia sauti yake darasani, akasema kwa Lhukonzo kachanganya na Kiswahili: "Madam, ziwa lao liko juu, maji yatarudi kwetu!"

Ni kweli. Mji wa Kasese ulikuwa umekaa chini na Ziwa George liko sentimita 8 juu yake. Kelele! Kundi la ziwa linasema sisi tumepima 914, ni sentimita 9, angalia ukutani. Kundi la mji linasema sisi mji wetu hauzidi sentimita 1 kutoka ziwani, angalia na wewe ukutani. Nikakaa kwenye kiti nikawaacha. Karibu kipindi kizima walibishana, wanapima upya kwa rula, wanafuta, wanaitana waongo, mpaka mvulana mmoja wa mlima akauliza swali lililofungua kila kitu: "Nyie sifuri yenu iko wapi?"

Kundi la mlima na la ziwa walianzia sifuri baharini. Kundi la mji walianzia sifuri ziwani. Wote wamepima sawa, ila kutoka mahali tofauti.

Sasa marekebisho. Wengine wakasema bahari haipo hapa Kasese, tuitoe, kila namba tupunguze 914: 5,109 toa 914 ni 4,195, mlima uwe sentimita 42 na ziwa liwe kwenye ubao. Hesabu safi, lakini inataka kukata mlima uliokwisha kukauka. Wengine wakasema tuinue mji tu kwa vipande vya mbao vya sentimita 9. Walipiga kura, vipande vya mbao vikashinda, na kila mtoto ameandika hesabu zote mbili kwenye daftari.

Nimefundisha "usawa wa bahari" miaka kadhaa. Naandika ubaoni, wananakili, kwenye mtihani wanasahau. Safari hii sikufundisha, waliihitaji wakaitafuta. Na yule msichana aliongea kwasababu kitu kiko mbele yake, anaweza kukinyooshea kidole, na kosa liko kwenye ubao wa wenzake na sio kwenye Kiingereza chake. Mwalimu ukitaka kuiga kitu kimoja tu kwenye hii shajara, iga hiki: gawa kazi vipande ambavyo lazima viungane, alafu usiviunganishe wewe.

Jumatano 16 Julai: maji

Karatasi na maji haviendi pamoja, hilo lilikuwa wazi toka mwanzo, swali ni ukinge kwa nini. Kavera (mfuko wa plastiki) kwenye mfereji: maji yanapenya pembeni na kukaa chini yake, karatasi inavimba. Nta ya mishumaa: inapasuka juani. Rangi tulizotengeneza wenyewe (udongo mwekundu, makaa yaliyosagwa, majivu, vikichanganywa na gundi) ni nzuri sana kwa macho na nyanda za mbuga zimetoka vizuri ajabu, ila tone la maji tu zinaondoka. Mwishowe ni saruji, kilo 5 kwa 5,000, ikachanganywa na mchanga uliochekechwa, plasta nyembamba kwenye mfereji wote, ikalowanishwa kidogo kidogo siku kadhaa isipasuke, alafu rangi ya mafuta juu yake, makopo mawili madogo 18,000. Brashi ni nyuzi za migomba zilizopondwa ncha, bure.

Saruji nashika mimi au mtoto aliyevaa kavera mikononi. Inachubua ngozi, msiache watoto wapake kwa mikono mitupu.

Maji yalipopita tulipata somo la pili bila kulitafuta. Kutoka mlimani yanakimbia, Kilembe yanakimbia, yakifika mjini yanapoteza nguvu na kutapakaa. Tukaweka mchanga na vijiwe pale juu: vinabebwa vyote mpaka ukingoni mwa mji, pale mteremko unapoisha vinatuama, mfereji unajaa, maji yanatoka nje. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huo mto ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na tena Mei 2020, na haya mawe makubwa tunayoyaona mjini hakuna mtu aliyeyaleta na lori.

Hapa kuna jambo nataka lisomwe kwa makini. Kuna watoto darasani ambao nyumba zao zilikwenda 2020, walikuwa wa miaka minne mitano, baadhi familia zao zilikaa kambi ya Muhokya. Mvulana mmoja alikuwa ametengeneza vijumba vya udongo, amevipanga kando ya mto vizuri, mlango wa kila nyumba unaangalia barabara. Zamu ya kundi lake ya kumwaga maji mengi ilipofika akaweka mkono juu ya vile vijumba. Hakulia, hakusema kitu, ila mkono hautoki. Tukaacha. Kundi lake tukalipa kazi nyingine, kupanda nyasi na vijiti vya miti kwenye miteremko kabla ya maji, tuone kama mchanga utashuka kidogo zaidi. Ulishuka kidogo zaidi. Alipoona hivyo ndo akakubali maji yapite, na yeye mwenyewe ndo akashika jagi.

Toka siku hiyo nikiwa na zoezi la mafuriko naeleza siku moja kabla, na mtoto anachagua atafanya sehemu gani. Mnaokaa kwenye mito na miteremko fanyeni hivyo, msimshtukize mtoto na msiba wake.

Ijumaa 8 Agosti: kueleza, na wazazi

Mpango ulikuwa mchezo wa kuigiza mdogo, kama ule wa mashindano ya muziki, ngoma na maigizo ya shule. Niliandika mistari kwa Kiingereza, wakakariri. Ikawa vibaya. Mtoto yule yule aliyebishana juu ya sifuri kipindi kizima anasimama kama mlingoti anatapika sentensi ambayo hajui inaishia wapi, akisahau neno moja kila kitu kinakufa.

Tulitupa mistari. Utaratibu mpya: mtoto anashika jagi, anamwaga, anaeleza kinachotokea kwa lugha yoyote aliyonayo, Lhukonzo, Rutooro, Kiswahili, vyovyote. Mara ya pili anaeleza tena na wenzake wanamtafutia maneno ya Kiingereza anayohitaji, yanaandikwa kwenye manila (karatasi 4, jumla 4,000) na kubandikwa karibu na kibao. Mara ya tatu kwa Kiingereza. Kiingereza kilichotoka kina makosa, lakini ni chao na wanajua kinasema nini. Nimewaacha na makosa mbele ya wazazi, nitasahihisha wiki ijayo.

Wazazi walikuja leo. Kabla ya kuanza baba mmoja alisema wazi mbele ya wote kwamba analipa pesa mtoto asome na sio kucheza matope na mitihani iko mlangoni. Swali la haki, nilimjibu kwa heshima kwamba mzee, tafadhali msikilize kwanza. Binti yake alikuwa kundi la mlima. Alimweleza baba yake kwanini ziwa lilikuwa juu ya mji, akamfanyia hilo la kutoa 914 pale pale ubaoni. Baba hakusema tena kitu cha matope, aliuliza maswali kuhusu skeli mpaka wengine wakamwambia apishe.

Mzee mwingine aliyekaa Kilembe enzi za machimbo ya shaba, kabla hayajafungwa, alitazama kibao cha kati muda mrefu akasema hapa mnakosea, zamani mto ulipita huku, mafuriko yameuhamisha. Akachora kwa chaki. Watoto wameomba wajenge mfereji wa zamani kando ya ule mpya kwa rangi tofauti na nimewakubalia.

Jumatano 20 Agosti: mtihani, gharama, na vilipo sasa

Mtihani wa muhula umeshasahihishwa. Kwenye SST maswali ya mito na mlima, watoto ambao kawaida wanaacha wazi wameandika. Spelingi mbaya, sentensi zimekatika, lakini jibu limo, na wengi wamechora mteremko pembeni kujisaidia bila kuambiwa. Kutoa namba kubwa kumepanda. Kuzidisha hakujabadilika hata kidogo, na haikuwa ajabu, manake modeli haikuwadai kuzidisha popote, skeli ilikuwa kugawa kwa mia tu. Muhula ujao naipanga skeli iwadai.

Mikono inayonyooka sasa sio ile sita tu tena. Wapo bado walionyamaza, hasa waliokuwa wanakosa shule kwa ajili ya kazi za shamba, hao mradi haukuwafikia kwasababu hawakuwepo, na hilo halitatuliwi na gundi.

Gharama yote: plaiwudi na mbao 28,000, misumari 3,500, unga 15,000, chumvi 1,000, saruji 5,000, rangi 18,000, manila 4,000, boda ya kubeba saruji na mbao 6,000. Jumla 80,500. Ukianza ukijua hili la tabaka jembamba utaokoa 5,000 ya unga na ile 1,000 ya chumvi. Usiokoe kwenye rangi ya mafuta.

Vibao viko juu ya kabati, vimefunikwa gunia. Kibao cha mlima kimepasuka kidogo kwenye kona ya kushoto, kitazibwa tukifungua Septemba. Muhula wa tatu ni Katwe: mashimo ya chumvi ya udongo kwenye karai, maji ya chumvi, jua, na kupima kila siku kimebaki kiasi gani. Kila kundi litakuwa na shimo la upana wake na mwisho watalinganisha, na hapo kuzidisha kutahitajika, urefu mara upana mara kina. Nina makarai matatu, natafuta mengine matatu ya kuazima, yaliyotoboka hayafai.